Blakikaranti za Mama Furaha

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mkasi nikacheka, na Msimamizi wa Depo akadhani namcheka yeye. Ilikuwa Januari, kwenye depo ya bustani kaskazini mwa Birmingham, baridi ile inayokufanya ujute kuwa na masikio. Tulijipanga mbele ya banda la zana, wanaume tupu na mimi peke yangu mwanamke, kila mtu akakabidhiwa mkasi wake wa kupogolea, ule mfupi wenye makali yaliyopinda kama mdomo wa kasuku. Nilipoushika wangu nikaangua kicheko. Msimamizi akaniuliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu. Ningeanzia wapi kumweleza?

Ngoja niwaeleze ninyi. Mimi ni mtoto wa Kibosho, mlimani Kilimanjaro, nyumba ya kahawa. Kwetu zama zile kahawa ilikuwa ya wanaume. Mwanamke alibeba samadi, alichuma, alimenya, alianika, lakini mkasi wa kupogolea hakuugusa. Ulitundikwa ukutani chumbani kwa baba, umepakwa mafuta, na sisi wasichana tuliupita kama tunavyopita picha ya marehemu babu. Nilikuwa nikikaa pembeni ya shamba nikimtazama baba akikata, na mara nyingine niliona kabisa tawi gani analiacha bure, ila nikafunga mdomo kwa kuyahurumia mashavu yangu. Sasa leo, kwenye nchi ya watu, mwanamume mzima ananikabidhi mkasi na kuniambia nisiupoteze! Ndiyo maana nilicheka.

Vijana wa kanisani kwetu hapa Kingstanding mnaponiuliza nilifanya kazi gani, naona machoni mwenu mnadhani nilikuwa nakata nyasi. Nyasi nilikata, sikatai, na majani makavu nimefagia hadi mgongo ukaomba talaka. Lakini kazi niliyoipenda ni kupogolea miti ya matunda, na katika matunda yote, vile vichaka vifupi vya nyuma ya nyumba ambavyo Waingereza wa zamani hawakosi kuwa navyo: karanti.

Tunda lenyewe ni dogo, duara, linaning'inia kwa vishada kama shanga. Lipo jeusi, lipo jekundu, hata jeupe lipo. Jeusi wenyewe wanaliita blakikaranti. Wengi wetu tuliijua soda yake kabla ya kulijua tunda. Kwenye harusi za Moshi soda ya blakikaranti ndiyo ilikuwa ya kugombaniwa, inakuachia ulimi wa zambarau mpaka kesho yake, na mimi miaka yote hiyo nilidhani blakikaranti ni jina la rangi. Nilipoambiwa na yule Msimamizi kwamba kichaka kilicho mbele yangu, chenye vijiti vitupu visivyo na jani hata moja, ndicho blakikaranti, nilidhani ananilipizia kile kicheko cha asubuhi.

Alikuwa mtu mzito, mwenye sauti ya kukwaruza, na Kiingereza chake cha Birmingham mimi niliyefundishwa Kiingereza cha shuleni sikukielewa hata nusu. Lakini neno moja alilirudia mpaka nikalielewa. Nilikuwa nimekwishafungua mkasi, nimeuelekeza kwenye tawi, akanishika mkono.

"Zunguka kwanza," akasema. "Zunguka kichaka chote, kiangalie pande zote. Halafu zunguka tena. Ndipo ukate."

Nilizunguka. Wenzangu walinicheka. Baadaye niligundua kwamba wenyewe hawazunguki, na kazi yao ilionekana.

Kutoka depo nilihamia Harborne, kwenye nyumba moja kubwa yenye bustani ya matunda nyuma ya ukuta wa matofali. Pale nilikuwa chini ya Mkuu wa Bustani, mama mmoja mwembamba, mkali, asiyevaa glavu hata kwenye jalidi. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba karanti nyeusi na karanti nyekundu ni ndugu wa tumbo moja wasiofanana tabia, na atakayezikata kwa namna moja ataharibu mojawapo.

Nyeusi huzaa kwenye tawi changa. Chipukizi linaloota mwaka huu ndilo litakalobeba matunda mwaka ujao, kisha uzazi wake unapungua mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo majira ya baridi, mti umelala na umepukutisha majani, unatafuta matawi makongwe. Utayajua kwa weusi wa gamba lake, maana machanga yana rangi ya kahawia iliyopauka, kama biskuti. Yale meusi unayakata chini kabisa, karibu na udongo, theluthi moja ya kichaka kila mwaka, ili machipukizi mapya yapate nafasi. Ndiyo sababu kichaka cha blakikaranti hupandwa kikizama kidogo ardhini, kiweze kuchipua kutoka chini.

Nyekundu hazitaki hivyo. Hizo huzaa kwenye matawi makongwe, kwenye vijitawi vifupi vinavyobaki mwaka hadi mwaka. Unaifuga isimame kwa mguu mmoja, unaifungua katikati kama bakuli ili hewa ipite, na majira ya baridi unafupisha ncha tu. Ukizikata chini kama ndugu zake weusi, utakaa misimu kadhaa ukila kwa macho.

Mkuu wa Bustani aliponieleza hayo nilimwambia, "Mama, hii ni kahawa." Akanitazama juu ya miwani. Nikamweleza kwamba kwetu kuna kahawa ya mashina mengi, ambayo unakata shina lililochoka ukalea chipukizi, na ipo kahawa ya shina moja, unayoifungua katikati. Alinisikiliza mpaka mwisho, na yeye hakuwa mtu wa kusikiliza.

"Basi ulikuwa unajua," akasema.

"Nilikuwa naona," nikamjibu. "Kukata ndiyo naanza."

Alinifundisha na magonjwa. Kwenye blakikaranti, ukiona jicho la mti, yaani kile kichomozo kitakachotoa jani, limevimba limekuwa duara kama njegere, ujue ndani kuna utitiri, wadudu wasioonekana kwa macho, na utitiri huo huleta ugonjwa usio na dawa. Kichaka hicho unang'oa, unachoma, na mahali pake hupandi tena blakikaranti. Mara ya kwanza aliniamuru nichome vichaka vinne vilivyokuwa vikubwa kunizidi, na niliona uchungu kweli. Yeye alisimama na mimi karibu na moto mpaka ukaisha, kisha akanitengenezea chai.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa shirika la nyumba, hapa hapa Kingstanding, kutunza bustani za wapangaji. Nyumba hizi za zamani za halmashauri mnazijua, zina viwanja virefu vya nyuma, na wazee waliozikaa kabla yetu walipanda kila kitu. Mkubwa wangu alikuwa Meneja wa Eneo, kijana mpole aliyependa kokoto. Kwake bustani nzuri ilikuwa ile isiyohitaji mtu.

Ndipo nikakutana na Mama Furaha.

Alikuwa mama wa Kikongo, wa Bukavu, na binti yake mmoja, amewekwa kwenye nyumba ya muda huku akisubiri uamuzi kama ataruhusiwa kukaa nchi hii au la. Novemba moja nilitumwa kusafisha kiwanja chake. Nilikuta vichaka vitatu vya blakikaranti vya miaka mingi, vyeusi tititi, matawi yamesongamana kama nywele zisizochanwa. Lakini kitu kimoja kilinishangaza. Machipukizi ya pembeni, yale ya mwaka ule, yalikuwa yamekatwa ncha zote. Si kwa mkasi, kwa vidole. Nikadhani kuna mbuzi mtaani.

"Iko mimi," akasema Mama Furaha, amesimama mlangoni na kitenge mabegani. "Niliona majani laini, nikasema Mungu ametupa mboga. Nilichuma kama matembele, nikapika na mawese."

"Ukala?"

"Nilipika, mama. Kula haikuwezekana! Nyumba yote ilinuka sawa paka amepita. Furaha alifungua madirisha yote, anapiga kelele, 'Mum, what is that?' Nikasema labda nimechuma makubwa, nikachuma tena madogo zaidi. Ikanuka zaidi."

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye ndoo. Naye akacheka. Nimekwisha kuona watu wakiharibu blakikaranti kwa kila namna, kwa mashine ya kukatia ua, kwa mpira, kwa mbwa, lakini wa kuila kama mboga alikuwa yeye peke yake. Na ni kosa ambalo hata mimi ningelifanya, maana mtu wa kwetu akiona jani laini mkono unakwenda wenyewe.

Kicheko kilipoisha nikamweleza hali. Zile ncha alizochuma ndizo zingekuwa matawi ya kuzaa mwakani. Yaliyobaki karibu yote ni makongwe, yaliyochoka. Katikati tu, ambako mkono wake haukufika, palikuwa na machipukizi machache yaliyonusurika. Dawa ya kichaka kilichofikia hapo ni moja: unakata kila kitu chini, makongwe kwa machanga, unakipa samadi, unafunika udongo kwa matandazo ya majani makavu, halafu unasubiri. Kiangazi kinachofuata huli kitu. Kile cha pili unakula mpaka unagawa.

Uso wake ukabadilika.

"Yale machache ya katikati, yatazaa kiangazi kinachokuja?"

"Yatazaa. Bakuli moja, labda mbili."

"Basi usikate."

"Mama Furaha, ukiyaacha, kichaka kinakufa polepole."

"Sikia, dada yangu," akasema, na sauti yake ilikuwa imepoa. "Kambini Kigoma nilipanda lengalenga, ile ninyi munaita mchicha. Mbele ya kula, banatuhamisha kwa block ingine. Nikapanda nyanya. Tena banatuhamisha. Nimefika huku, hosteli ya kwanza, nikaweka vitunguu mu kopo, dirishani. Vimeota vizuri, banasema, pakia vitu vyako. Mimi kitu nilichopanda sijakila tangu nimetoka kwetu. Hii sijapanda, nimeikuta, lakini niko naiona. Unaniambia nikate leo, nikule mwaka wa pili. Mwaka wa pili mimi nitakuwa wapi?"

Miaka yote nimewaambia watu wasubiri, na wote walikuwa watu wenye nyumba zao. Hakuna aliyewahi kuniuliza atakuwa wapi. Niliufunga mkasi nikautia mfukoni, nikafagia majani, nikaenda zangu.

Wiki zilizofuata vichaka vile havikunitoka kichwani. Kwa sheria ya kazi ningeweza kuvikata bila kumuuliza, vilikuwa mali ya shirika. Lakini nilijua ni nani angevitazama kila asubuhi kupitia dirisha la jikoni.

Nilirudi Januari, na zamu hii nilikwenda na kitu mkononi. Nyumbani kwangu nilikuwa nimepogolea blakikaranti zangu na nimekata pingili za kupanda, vijiti vya unene wa kalamu, urefu wa shibiri. Nilizifunga kwenye gazeti, nikitaka tu kumwachia apande chache pembeni. Mama Furaha akazipokea, akazigeuzageuza, akapitisha kidole gumba kwenye macho ya vijiti.

"Hii ni nini?"

"Ndiyo blakikaranti yenyewe. Unachomeka ardhini, unaacha macho mawili tu juu. Inaota."

"Kijiti hivi hivi? Bila mizizi?"

"Bila mizizi."

Akaniangalia kama mtu aliyedhulumiwa.

"Mama Neema! Kumbe ni sawa muhogo! Juu ya nini hukusema siku ile?"

Na kweli, sikusema. Mimi kichwani mwangu blakikaranti ilikuwa kahawa, na kahawa haihami. Yeye alikuwa mtu wa muhogo. Akaniambia kwamba mama yake alipokimbia na watoto alifunga mzigo wa miti ya muhogo kwa kamba za mgomba, akaubeba kichwani pamoja na sufuria, na kila mahali walipolala zaidi ya wiki aliichomeka. Muhogo unakatwa ndipo unabebwa, akasema. Usiokatwa ndio unaoachwa.

"Kata," akaniambia. "Kata yote. Na yale ya katikati, unifanyie vijiti. Zako uende nazo, nataka za hii nyumba."

"Bakuli lako la kiangazi?"

"Liende."

Nilizunguka kila kichaka mara mbili, naye akinifuata nyuma kama tunazika mtu. Nikakata mpaka vikabaki visiki vya kimo cha kiganja. Kutoka yale machipukizi machache tukapata pingili chini ya ishirini. Ardhi ile haikuwa yake, kwa hiyo hakuichomeka hata moja humo. Alizipanda kwenye ndoo za rangi zilizokwisha, nilizozitoboa matako kwa msumari, akazipanga ukutani, tayari kwa safari.

Safari ikaja. Visiki vilikuwa vimechipua vizuri, majani mapana, kijani kibichi, wakati alipopigiwa simu kwamba anahamishiwa fleti upande wa pili wa jiji. Alipanda gari na ndoo zake kati ya miguu. Dereva alitaka kuziacha, nikasikia Furaha akimjibu kwa niaba ya mama yake kwa Kiingereza ambacho sitakiandika hapa.

Nyumba ikabaki tupu, na Meneja wa Eneo akataka kiwanja kikabidhiwe kisafi. "Ng'oa vile vichaka, Neema," akaniambia. "Tuweke kokoto." Akaniita kwa jina la mwanangu, maana alisikia watu wakiniita Mama Neema akadhani Mama ni cheo. Nilimweleza kwamba vina afya, kwamba mwakani vitajaa. Akasema anaelewa, na nadhani alielewa, lakini kokoto ilikuwa imekwishaagizwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu. Niling'oa vichaka nilivyovifufua kwa mkono wangu mwenyewe, nikamwaga kokoto juu yake, nikarudisha funguo na buti. Kile kicheko cha siku ya kwanza nilikikumbuka, na machozi yalinitoka njiani, tena si kidogo.

Kustaafu kwenyewe ni kuzuri, ila magoti hayajaarifiwa. Najishughulisha na karanti zangu, na majirani wananiita niwaangalizie zao. Mkasi ule wa depo ninao bado, nimeubadilisha springi mara nyingi. Nimeutundika jikoni, chini, mahali ambapo mjukuu wa kike anaufikia akitaka. Hajautaka bado. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, na nikimwambia njoo tupogolee ananiambia kuna baridi, jambo ambalo siwezi kulibishia.

Mama Furaha tulisalimiana kwa simu miaka hiyo yote. Fleti ile akahamishwa tena. Ndoo zikakaa kwenye roshani, zikakaa kwenye ngazi za watu, moja ikaibwa. Hatimaye ruhusa ya kukaa ikatoka, alinipigia simu analia sikuelewa neno, na baadaye akapata nyumba Great Barr, yenye kipande cha ardhi nyuma. Pingili zilizosalimika akazishusha ardhini. Kila kiangazi aliniletea chupa ya jamu, naye huichemsha na tangawizi, Waingereza wasione.

Majira haya ya baridi akanipigia tena.

"Mama Neema, kuja na ule mkasi. Hii miti imekuwa mieusi chini."

Nilikwenda. Nilikuta vichaka vitano vimesimama, virefu kunifika kifuani, na kweli katikati ya matawi ya rangi ya biskuti palikuwa na meusi, manene, yenye gamba linalomenyeka. Nilitaka kuanza, akaninyang'anya mkasi. Akazunguka kichaka cha kwanza, akatazama pande zote. Akazunguka tena. Kisha akapiga goti, akashika tawi moja jeusi kule chini.

"Hili limezeeka?"

"Limezeeka kabisa."

"Limezeekea hapa? Kwangu?"

"Hapa hapa, mama. Kwako."

Akalipapasa kwa kidole gumba. Halafu akamwita binti yake atoke nje aje aone, na Furaha alipofika mlangoni, mama yake akalikata.